Mtoto akitoka damu puani

Wamama wenzangu, kiangazi hiki vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia hata ndani ya madaftari. Wiki jana mtoto mmoja wa darasa langu alisimama, mkono puani, shati lote damu. Wenzake wakalia: "Mwalimu, anakufa!"

Nilifanya namna nyanya alivyonifundisha: nikamwinua kichwa kuelekea nyuma, nikamwagia maji kwenye utosi. Kidogo tu akatapika damu nyeusi, nami nikaogopa kuliko watoto. Mama mmoja muuguzi, mzazi pale shuleni, ndiye alinionyesha kosa langu. Kichwa kikienda nyuma damu haikomi. Inashuka kooni hadi tumboni, na tumbo halipendi damu.

Mtoto akae, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa vidole viwili, dakika 10 nzima, bila kuachilia ili kuchungulia. (Hapo ndipo wengi tunashindwa. Tazama saa.) Damu ya mdomoni aiteme. Ikiendelea, rudia dakika 10. Usisokomeze pamba wala majani: ukiyavuta, kidonda kinafunguka tena. Siku hiyo asipenge kwa nguvu.

Mara nyingi damu ya watoto inatoka mbele, kwenye ukuta kati ya matundu mawili. Pale mishipa ni myembamba. Hewa kavu, mafua au ukucha vinatosha kuipasua. Vazelini kidogo usiku inasaidia.

Lakini damu isipokoma baada ya dakika 20 za kubana, au kama ilianza baada ya kupigwa kichwani, au mtoto hajafika miaka 2, au midomo imekuwa myeupe na anaona kizunguzungu, nenda kituo cha afya bila kungoja kesho. Fizi zikitoka damu pia, au ngozi ikiwa na madoa ya damu, hapo si vumbi tena. Homa pamoja na damu, nchi yetu inaijua: usishike damu kwa mikono mitupu, na uende siku ileile. Mkubwa anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi naye asikae nyumbani.

Yule mwanafunzi? Mama yake alikuja kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba damu ilitoka mara nyingi tangu mwezi wa sita. Alificha, akiogopa majirani waseme ni uchawi. Tulikwenda pamoja kwa muganga. Akamulika puani, akakuta kidonda kidogo cha kuchokoa, akauliza tu nani nyumbani anakata kucha.