Mshale wa Spidomita Unaokwama: Tazama Kwanza Namba za Kilomita

Dereva atokaye Mlandizi kuelekea Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hupita kijiji baada ya kijiji kabla ya kufika Maili Moja, Kibaha, na kila penye makazi hutakiwa kupunguza mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Mwenye gari la zamani ambalo mshale wake wa spidomita umeganda kwenye 40 hana namna ya kuitii sheria hiyo ila kwa kukisia. Anaposimamishwa na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo, ubovu wa mshale haumsaidii kitu. Aliyekuwa akivuka barabara mbele yake ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi.

Tunaandika juu ya hitilafu hii kwa sababu nyingine pia. Ni hitilafu ambayo mara nyingi tiba yake ni ndogo, lakini mlaji hushawishika kulipia tiba kubwa. Huambiwa kwamba dashibodi nzima imekufa na kwamba inatakiwa nyingine iliyotumika, kumbe kilichohitajika ni kusafisha waya na kuupaka grisi kidogo. Kabla ya kutoa fedha, inafaa mwenye gari aelewe chombo hiki kinavyofanya kazi.

Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na sehemu ya miaka ya 1990, spidomita huendeshwa kwa waya. Waya huo umo ndani ya mpira mweusi, unafanana na wa breki ya baiskeli, ila wenyewe hauvutwi bali huzunguka. Ncha moja imeshikana na gia ndogo kwenye giaboksi, nyingine imeingia nyuma ya spidomita. Waendesha bodaboda wanaujua vyema, kwa kuwa pikipiki nyingi zinao wa aina hiyohiyo kwenye gurudumu la mbele. Waya ukizunguka huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani, lakini mzunguko wa sumaku hukivuta kikombe kiufuate, na kamani nyembamba kama ya saa hukizuia kisizunguke moja kwa moja. Mshale umefungwa kwenye mhimili wa kikombe hicho. Gari likiongeza mwendo, mvuto hushinda kamani kidogo zaidi na mshale hupanda. Gari likisimama, kamani huurudisha sifuri. Ubunifu huu ulipewa hataza nchini Ujerumani mwaka 1902, na haujabadilika sana tangu hapo.

Sasa, ndani ya kasha hilohilo mna namba zinazohesabu kilomita, nazo huendeshwa na waya uleule kwa njia ya gia, bila kutegemea sumaku. Hapo ndipo mlaji anapoweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe bila bisibisi. Kama mshale umelala na namba za kilomita nazo zimesimama, tatizo liko kabla ya spidomita: waya umekatika au umechomoka, au gia ya plastiki kwenye giaboksi imeliwa meno. Kama namba zinasogea kama kawaida lakini mshale umeganda, tatizo liko ndani ya spidomita yenyewe. Na kama mshale unatetemeka, unaruka kutoka 30 hadi 60 na kurudi, mara nyingi waya umekauka au umepindwa vibaya.

Sababu hii ya mwisho hutarajiwa katika gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi za vijiji vya Kisarawe. Mpira wa waya ukipasuka karibu na giaboksi, vumbi huingia wakati wa kiangazi na maji wakati wa masika, na mchanganyiko huo husaga waya polepole. Fundi anayejua kazi huuchomoa waya, huusafisha kwa mafuta ya taa, huukausha, kisha huupaka grisi nyepesi kwa utando mwembamba. Sehemu ya juu, kiasi cha sentimita 15 upande wa spidomita, huachwa kavu. Hilo si jambo dogo: grisi ikizidi hupanda kwa mzunguko wa waya hadi ndani ya kikombe, na hapo gari lililokuja na waya mkavu huondoka na mshale unaonata. Wakati wa kuurudisha, waya usipite kwenye kona kali, na kama mpira umepasuka ubadilishwe wote.

Kwa spidomita yenyewe tunashauri uangalifu zaidi. Asiruhusiwe mtu kuinyunyizia oili, wala kuukunja mshale, wala kuuchomoa na kuupachika upya kwa kukadiria. Kamani ile ikivutwa kidogo tu, mshale utatembea vizuri na kusema uongo. Huo ndio ubovu mbaya kuliko wote, maana hauonekani.

Magari ya baadaye hayana waya wa kuzunguka. Kifaa kwenye giaboksi hutuma ishara ya umeme, na mota ndogo husogeza mshale. Huko makosa ya kawaida ni plagi yenye kutu, waya wa umeme uliokatika, au risasi iliyoachia kwenye sakiti. Gari lenye mifuko ya hewa lipelekwe kwa fundi wa umeme, naye akate betri kabla ya kugusa dashibodi.

Matengenezo yakikwisha, yapimwe. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na msongamano, yenye nguzo za kilomita kando ya barabara. Dereva ashikilie 50 kwenye mshale, na abiria, si dereva, apime muda kwa simu kati ya nguzo mbili. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 huchukua sekunde 72. Ikichukua 60, gari lilikuwa linakwenda 60 na spidomita inakudanganya. Programu ya simu inayopima mwendo kwa setilaiti nayo yafaa. Usishangae spidomita ikionyesha zaidi kidogo ya mwendo halisi. Watengenezaji hufanya hivyo makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha pungufu, ila inaruhusu izidishe: gari linalokwenda 80 linaweza kuonyesha hadi 92. Ukiwa umefunga matairi makubwa kuliko ya awali, kosa laweza kuwa la matairi wala si la mshale.

Inapolazimu kubadilisha spidomita nzima kwa iliyotumika, kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji. Spidomita hiyo inakuja na kilomita za gari jingine. Andikeni kwenye risiti namba iliyokuwepo, namba iliyopo sasa, na tarehe. Siku utakapoliuza gari, mnunuzi aonyeshwe karatasi hiyo, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Dai risiti ya EFD, omba muda wa dhamana uandikwe, na mwambie fundi tangu mwanzo kwamba kifaa cha zamani utakichukua. Fundi aliyebadilisha waya kweli hatasita kukupa ule wa zamani.