Zebaki Inapovuka Kondo la Nyuma

Mto Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ukateremka hadi Migori na hatimaye kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Katika machimbo ya dhahabu ya Migori, wanawake kwa wanaume husaga mawe hadi yawe unga, wakaukoroga unga huo na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge linalopatikana huchomwa motoni, pengine kwenye jiko lile lile la kupikia, hadi zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki.

Mvuke huo, usioonekana wala kunuka, huingia mapafuni, hufika kwenye damu na, kwa mjamzito, huvuka kondo la nyuma, yaani kiungo kinachomlisha mtoto ndani ya mji wa mimba. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kondo huzuia sumu. Imani hiyo ilivunjwa kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako maradhi yaliyoletwa na zebaki ya kiwanda cha Chisso yaligunduliwa mwaka 1956, na ambako akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ubongo ulioharibika. Zebaki ya machimbo nayo, ikishaingia katika maji ya mto au ziwa, hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, ambayo hulundikana katika samaki na ambayo kondo huivusha kwa urahisi mno, hata damu ya kitovu ikawa nayo nyingi kuliko damu ya mama.

Samaki wa Ziwa Victoria huuzwa pia katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, lakini mjamzito wa huko hana sababu ya kuwakimbia: omena, aliye mdogo na mwenye maisha mafupi, hukusanya zebaki kidogo kuliko mbuta mkubwa anayekula samaki wenzake, na lishe yake inahitajika sana. Hatari iliyo kubwa zaidi inamkabili mama anayevuta mvuke. Kwa hiyo inafaa kliniki ya wajawazito imuulize kila mama anafanya kazi gani, na ni nani anayechoma dhahabu nyumbani kwake. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zenye machimbo mengi ya aina hiyo zichukue hatua za kukomesha uchomaji katika makazi ya watu na kuwakinga hasa watoto na wajawazito.