Ukingo wa Bahari Mjini Mombasa: Mahali pa Raha na pa Hadhari

Mgeni afikaye Mombasa huuliza kwanza habari za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Lakini mwenyeji wa mji, jua likipungua ukali, huwachukua watoto wake akaenda kuketi mahali pengine, yaani katika bustani ya Mama Ngina, upande wa kusini wa kisiwa, juu ya genge linaloitazama Bahari ya Hindi. Uzuri wa mahali hapo wajulikana na wengi. Hatari yake haijulikani sana, ingawa vyote viwili vimetokana na kitu kimoja, nacho ni jiwe lenyewe ambalo watu hulikanyaga.

Bustani hiyo ina eneo la ekari 26 hivi, kando ya barabara iliyopewa jina la Mama Ngina Kenyatta, mke wa Rais wa kwanza wa Kenya. Watu walikuwa wakienda kupunga upepo hapo tangu miaka mingi. Mwaka wa 2019 Serikali ilipatengeneza upya kwa njia za miguu na mahali pa kuketi, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika papo hapo.

Mtu aketiye chini ya mibuyu mikubwa ya bustani huona mambo mengi bila ya kuondoka mahali pake. Mbele yake ni bahari, na mbali kidogo ni mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Ng'ambo ya maji ni Likoni. Kati yake na Likoni ndipo ulipo mlango wa bandari ya Kilindini, na jina hilo lenyewe laonyesha kuwa maji yake ni ya kina kirefu. Kwa hiyo meli kubwa zenye shehena hupita karibu sana, zikiongozwa na rubani anayeijua njia, hata watoto husimama na kuzihesabu. Wauzaji nao huwa na madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mabuyu mekundu ambayo huacha rangi midomoni.

Basi jiwe la genge hilo ni jiwe la namna gani? Ni matumbawe. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji ya bahari yalikuwa juu kuliko yalivyo leo, na mahali penye bustani palikuwa chini ya maji. Humo waliishi viumbe wadogo sana ambao hujijengea nyumba ngumu za chokaa. Mmoja akifa, mwingine hujenga juu yake, hata likapatikana jabali zima. Baadaye maji yalishuka, na jabali likabaki juu, kavu. Atazamaye vizuri mawe ya hapo ataona bado alama za matumbawe na makombe ya zamani. Ni jiwe la namna hiyo hiyo ambalo mafundi wa pwani walilikata kwa kujengea nyumba na misikiti, na ambalo Wareno walilitumia katika ngome yao.

Haba na haba, wasemavyo wahenga, hujaza kibaba. Na hivyo ndivyo jabali lilivyojengwa. Lakini haba na haba pia huweza kumaliza kibaba. Mawimbi hupiga chini ya genge usiku na mchana, yakichukua mchanga unaosugua jiwe kama msasa. Maji ya chumvi hulilainisha, wadudu wa baharini hulitoboa, na mvua inayonyesha juu hupenya katika nyufa zake. Mwisho wake, jiwe la chini huliwa kuelekea ndani, na jiwe la juu hubaki limening'inia kama upenu wa nyumba usio na nguzo. Mtu asimamaye ukingoni huona ardhi imara chini ya miguu yake, wala hajui kwamba chini ya ardhi hiyo pana uwazi. Jiwe la namna hiyo laweza kukaa miaka mingi bila ya kutikisika, kisha likaanguka siku moja bila ya kutoa ishara.

Hatari ya pili ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka yapata mita 3. Maji yakipwa, miamba ya chini hukauka, na vijana hushuka kutafuta kaa au kuvua kwa mshipi. Lakini maji yaliyokwenda hurudi, nayo hurudi hadi kando ya genge, mahali ambapo hapana njia ya kupandia. Tena katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huwa na nguvu na mawimbi huwa makubwa; wimbi moja laweza kumwondoa mtu mzima juu ya mwamba uliolowa.

Kwa sababu hizo, afaaye kuigwa ni mzazi anayechagua mahali pa kuketi ndani ya bustani, mbali na ukingo, na kuwashika watoto mkono wanapokaribia kutazama meli. Apigaye picha na asirudi kinyumenyume kuelekea baharini. Atakaye kushuka kuvua na aulize kwanza saa ya maji kujaa, na awe na mwenzake. Mahali palipozungushwa ukuta au uzio pasirukwe, kwani waliouweka hawakukusudia kumnyima mtu starehe.

Kadhalika takataka zisitupwe gengeni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, lakini chupa za plastiki bado zipo, na kila itupwayo hapo huishia baharini, katika matumbawe yaliyo hai, ambayo yangali yakijenga kama wenzao wa kale walivyojenga.

Si kila mtu mjini aliye na nyumba yenye ua au baraza la kupunga upepo. Kwa watu kama hao, bustani hiyo ndiyo baraza lao, na bahari ndiyo ua wao. Aendaye huko jioni akaketi mahali pa salama atapata upepo ule ule na ataziona meli zile zile azionazo yule asimamaye ukingoni, naye atarudi nyumbani pamoja na watoto wake wote.