Elimu ya Kukaanga Kahawa, Sehemu ya Pili: Joto Liandikwalo na Joto Lisomwalo

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza yanayoifika buni mbichi tangu inapomiminwa katika pipa la kukaangia hata inapotolewa: kwamba huingia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake, kwamba hukauka kwanza, kisha hugeuka manjano joto linapokaribia digrii 150 za Selsiasi, kisha hupasuka kwa sauti ya kusikika joto linapokuwa karibu na 196, na kwamba mambo haya yote aghalabu hutimia baina ya dakika 8 na 15. Leo tumekusudia kueleza jinsi habari za muda huo mfupi zinavyoandikwa na programu ya kompyuta, na, jambo lililo zito zaidi kwa rai yetu, jinsi maandishi hayo yanavyopasa kuwekwa mbele ya macho ya mkaangaji ili ayafahamu kwa wakati wake bila ya kudanganyika.

Wakaangaji wa zamani, na wengi wa sasa pia, waliitegemea rangi, harufu na sauti, na hapana chombo kilichoziondolea alama hizo heshima yake. Lakini ujuzi wa namna hiyo hukaa ndani ya mtu mmoja, wala hauwezi kukaguliwa na mwenziwe kesho yake. Mtu wa Moshi au wa Nairobi anayeuza kahawa iliyokaangwa, na ambaye mteja wake anataka ladha ya mwezi huu iwe ndiyo ile ya mwezi uliopita, hana budi kuwa na kumbukumbu. Miongoni mwa programu zilizotungwa kwa ajili hiyo, iliyoenea sana ni Artisan, kazi ya Rafael Cobo na Marko Luther, ambayo hutolewa bure pamoja na msimbo wake, ili kila mwenye elimu apate kuuchungua na kuutengeneza. Programu hiyo huandika joto la buni na joto la hewa ya ndani ya pipa, huchora mstari wa kila moja kadiri dakika zinavyopita, na humpa mkaangaji vitufe vya kutia alama pale buni inapoingizwa, inapokwisha kukauka, inapoanza kupasuka na inapotolewa.

Sasa na tutazame hesabu hizo zinatoka wapi. Katika mwaka 1821 mwanachuoni Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili zisizo za jinsi moja zikiunganishwa, kisha maungio yake yakatofautiana kwa joto, huzuka athari ambayo baadaye ilifahamika kuwa ni ya umeme. Juu ya msingi huo vimeundwa vipimajoto vya nyaya mbili, na kile kitumikacho zaidi katika mashine za kahawa ni cha aina ya K, ambacho nyaya zake ni za aloi za nikeli. Umeme wake ni mdogo mno: kwa kila digrii moja hutoa takriban sehemu 41 za volti iliyogawanywa mara milioni, hata inapofika digrii 200 jumla yake haizidi sana sehemu 8 za volti iliyogawanywa mara elfu. Basi si ajabu kwamba mota ya pipa au ya feni iliyo karibu huweza kuutikisa, na mstari ukaonekana unarukaruka ilhali joto limetulia. Fauka ya hayo, kipimajoto cha daraja ya kawaida huruhusiwa kukosea digrii 2.5 juu au chini, na kile cha daraja bora digrii 1.5.

Tena yafaa msomaji azingatie kwamba kipimajoto hakipimi joto la buni, bali hupima joto lake chenyewe, nalo ni mchanganyiko wa joto la buni zinazokigusa na joto la hewa inayokizunguka. Dalili iliyo wazi huonekana katika dakika ya kwanza. Pipa lenye digrii 200 likimiminiwa buni baridi, mstari uitwao wa buni hushuka upesi, labda hata karibu na digrii 90, kisha hugeuka na kupanda. Na mwanafunzi hudhani kwamba buni zilikuwa moto zikapoa. Waama buni zimekuwa zikipata joto tangu zilipoingia, na kilichokuwa kikipoa ni kijiti cha chuma cha kipimajoto. Kijiti kinene hupokea mabadiliko kwa kuchelewa kuliko chembamba, na kwa hiyo mashine mbili zenye vijiti tofauti zitatoa hesabu tofauti kwa kahawa moja. Asemaye kwamba kahawa yake hupasuka kwa 192 na mwenziwe asemaye kwa 201 huenda wote wawili ni wakweli, na kila mmoja ailinganishe hesabu yake na ya mashine yake mwenyewe.

Tukifika katika kasi ya kupanda kwa joto, yaani digrii ngapi kwa dakika, ndipo suala la kusomeka linapokuwa gumu. Tuchukue mfano: joto linapanda kwa digrii 10 kwa dakika, na chombo chetu husoma digrii nzima tu, mara moja kila sekunde. Katika kila sekunde 6 joto huongezeka digrii moja, kwa hiyo programu ikikokotoa kasi kwa kulinganisha sekunde na ile iliyoitangulia itaonyesha sifuri mara tano, kisha ghafula 60, kisha sifuri tena. Hesabu hizo hazina taksiri, walakini hakuna binadamu awezaye kuzitumia. Programu ikilinganisha joto la sasa na la sekunde 30 zilizopita, kosa la digrii moja hupungua athari yake likawa digrii 2 tu kwa dakika, na mstari hulainika ukasomeka. Ila ulaini huo una gharama: kasi ionekanayo ni wastani wa nusu dakika nzima, hivyo huwa inaeleza hali ya takriban sekunde 15 zilizopita. Na karibu na mpasuko wa kwanza, pale buni zinapotoa mvuke kwa wingi na kasi huweza kuanguka kisha kuruka, sekunde 15 ni muda wa kuiharibu kahawa. Mwandishi wa Marekani Scott Rao, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kiitwacho The Coffee Roaster's Companion, alishikilia kwamba kasi hiyo yapasa ipungue daima tangu mwanzo hata mwisho. Na ijapokuwa wako wanaompinga, kauli ya namna hiyo haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa na mtu ambaye mstari wake umelainishwa hata mabonde yote yamefukiwa.

Kadhalika kuna mambo ya jicho lenyewe. Mkaangaji hakai mbele ya kioo cha kompyuta. Yu kando ya mashine, mkono katika valvu ya gesi, moshi mbele yake, na hutupa jicho kwa nukta moja. Kwa hiyo tarakimu za joto na za kasi sharti ziwe kubwa za kusomeka kutoka hatua kadhaa. Kuandika 187.43 pale kipimajoto kinapoweza kukosea digrii 2 ni kudai usahihi usiokuwapo, na ni kumwongezea msomaji tarakimu zisizo na faida. Mistari isitofautishwe kwa nyekundu na kijani peke yake, kwani miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya takriban 1 katika kila 12 hazipambanui vema rangi hizo, na watu wa namna hiyo wamo katika kila taifa; bora mmoja uwe mnene na mwingine wa vipande. Kipimo cha kasi kiwe na ngazi yake upande wa pili wa grafu, na kila ngazi itaje kama ni Selsiasi au Farenhaiti, maana digrii 10 za kwanza kwa dakika ni 18 za pili, na anayefuata maelezo ya Kimarekani bila hadhari ataunguza mali yake. Mstari wa mkaango wa zamani, ambao Artisan huweza kuuweka nyuma ya mpya ili ilinganishwe, uwe hafifu kiasi cha kutochanganyika na ule unaoendelea.

Kwa muhtasari, rai yetu ni kwamba programu yapasa ihifadhi hesabu zote kama zilivyotoka katika kipimajoto, bila kuziondolea kasoro. Kisha ilainishe kile kionekanacho tu, na imjulishe mkaangaji kiasi cha ulainishaji huo ili akipunguze au akizidishe kwa hiari yake. Kufuta mtikisiko katika kumbukumbu yenyewe ni kumnyima mkaguzi wa kesho haki ya kujua kama kosa lilikuwa la moto au la waya. Na ye yote aanzaye kazi hii, kabla ya kununua chombo cha thamani, atangulize kuutenga waya wa kipimajoto mbali na nyaya za mota, achague kijiti chembamba kilichozama barabara ndani ya buni, kisha aandike kwa wino, kando ya kila mkaango, uzito, rangi na ladha aliyoipata, kwa kuwa joto peke yake haliwezi kumweleza kahawa ilikuwaje kinywani.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza namna ya kuulinganisha mkaango mmoja na mwingine, na jinsi uzito unaopotea katika pipa unavyoweza kuisadikisha au kuikadhibisha grafu.