Jumuiya ya Ujifunzaji: Faili la Mkuu, Darasa la Mwalimu

Muulize mkuu wa shule kama walimu wake wanajifunza pamoja, aghalabu atafungua faili: ratiba ya vikao, mahudhurio, mihtasari yenye sahihi. Swali hilohilo mpelekee mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili. Yeye atakumbuka mada ya aljebra aliyohangaika nayo muhula mzima bila mwenzake yeyote kukanyaga darasani kwake. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu wakuu huzisifu jumuiya za ujifunzaji kuliko walimu wanavyozisifu.

Tanzania, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unataka walimu wakutane palepale shuleni, wachague mada tata, wajadili namna ya kuifundisha, waijaribu darasani, kisha warudi kutathmini. Hakuna safari ya semina wala (tuseme ukweli) posho yake, na manung'uniko mengine huanzia hapo.

Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie alizifananisha shule na trei la mayai: kila mwalimu na kishimo chake. Mwaka 1997 mtafiti Shirley Hord akataja sifa za shule iliyotoka huko, miongoni mwake uongozi wa kushirikiana, maono ya pamoja na walimu kutazamana wakifundisha. Hiyo ya kutazamana ndiyo huchelewa kuota mizizi. Katika utafiti wa mwaka 2018 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, walimu wapatao 61 katika kila 100 walijadili maendeleo ya wanafunzi na wenzao angalau mara moja kwa mwezi. Waliotazama kipindi cha mwenzao na kumpa maoni mara nyingi kiasi hicho hawakufika 10.

Kwa nini? Kwetu mtu anayekaa nyuma ya darasa na daftari ni mkaguzi, hata kama siku hizi anaitwa mthibiti ubora. Mkuu naye ndiye anayepima utendaji wa mwalimu. Nani atasema mbele yake, "Mada hii inanishinda"? Naona wakuu wengi hawalitilii uzito jambo hili. Wanaona kikao kimetulia, wanadhani kuna maelewano, kumbe watu wanachunga midomo.

Wajapani, ambao utaratibu wao wa kuchunguza somo kwa pamoja una zaidi ya karne moja, walipata njia ya kuikwepa hofu hiyo. Andalio la somo huandikwa na kundi, mmoja akaenda kulifundisha. Watazamaji hawamkodolei macho mwalimu. Wanawafuatilia wanafunzi: nani kakwama, kakwama hatua gani, kaandika nini kabla ya kufuta. Somo likiharibika, limeharibika la wote, na kinachorekebishwa ni andalio.

Mkuu anayetaka faili lake lifanane na hali ya darasani anaweza kuanza na kipindi chake mwenyewe, aruhusu walimu wa masomo wakitazame na kukichambua, naye asijitetee. Kisha azungumze na mwalimu wa taaluma kuhusu ratiba. Walimu wawili wa somo moja wakiwa na vipindi saa ileile wiki nzima, hawataonana wakifundisha hata wakitaka, na kikao cha jioni, watu wakiwaza daladala, hakiwezi kufidia hilo.