Programu ya kompyuta kwa karakana ya makabati: Mambo ya kupima kabla ya kulipa

KABATI la jikoni likizidi ukuta kwa sentimeta chache, hakuna randa wala msasa utakaoliokoa. Bodi iliyokatwa fupi hairefushwi, na kwa karakana ya Mtwara bodi hiyo mara nyingi imesafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 500. Hasara haimfikii mteja, ambaye bei yake ilishapangwa na malipo ya awali kupokewa. Inabaki kwa fundi.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya wenye karakana kuzitazama programu za kompyuta za kusanifu na kutengeneza makabati. Programu hizo ni nyingi, bei zake zinatofautiana mno, na kila muuzaji huisifu yake. Hata hivyo, swali la msingi kwa fundi si programu ipi inasifiwa zaidi duniani, bali ni ipi itakayoondoa kosa linaloigharimu karakana yake leo.

Useremala si jambo geni katika pwani hii. Milango ya nakshi ya Mikindani na vinyago vya mpingo vya Wamakonde ni ushahidi wa mikono iliyoijua mbao kwa vizazi vingi. Kilichobadilika ni aina ya kazi. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ni katika miaka ya 2010 ambapo utafutaji wa gesi baharini, ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam na kiwanda cha saruji cha Dangote vilipouchangamsha mji wa Mtwara. Nyumba, ofisi na hoteli zilizojengwa tangu wakati huo zinahitaji makabati yanayoshonwa kwa kipimo cha ukuta wenyewe, si samani ya kununuliwa dukani na kusogezwa popote.

Aidha, fedha za mkoa huu zina msimu wake. Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida mwezi Oktoba, wateja hufika kwa pamoja na kila mmoja anataka kazi yake iishe mapema. Fundi anayekokotoa vipimo usiku kwa kalamu, baada ya kushinda kwenye msumeno, ndiye anayekosea kwa urahisi zaidi.

Hesabu zinazokosewa

Chukulia ukuta wa jiko unaotakiwa kubeba makabati matano ya chini, kila moja likiwa na upana wa milimita 600, hivyo safu nzima ni meta tatu. Bodi ina unene wa milimita 18. Sakafu ya kila kabati hukaa katikati ya mbavu mbili, kwa hiyo upana wake ni 600 kutoa 36, yaani milimita 564. Fundi akisahau unene wa mbavu na kukata sakafu kwa milimita 600, kila kabati litafikia 636, na safu nzima itazidi kwa milimita 180.

Kosa la pili hutokea dukani. Bodi za milimita 18 zimekwisha na zilizopo ni za milimita 16. Sakafu sasa inatakiwa kuwa na upana wa milimita 568. Ikikatwa kwa kipimo cha zamani, kila kabati litapungua milimita nne na safu itaacha pengo la milimita 20. Anayetumia daftari hulazimika kuhesabu upya kila kipande, zikiwamo rafu na migongo.

Kosa la tatu ni la msumeno. Bodi inayoitwa ya futi 8 kwa 4 huwa na milimita 2440 kwa 1220. Kwenye karatasi, vipande vinne vya milimita 610 vinaenea kwenye urefu huo bila kubakisha kitu. Lakini meno ya msumeno yakila milimita tatu katika kila mkato, mikato mitatu hula milimita tisa, na kipande cha nne hubaki na milimita 601.

Makosa hayo matatu yanatoa vipimo viwili vya kwanza vya programu yoyote. Je, unene wa bodi ukibadilishwa mahali pamoja, vipande vyote vinajihesabu upya? Na je, katika kupanga mikato inaweka akiba ya kile kinacholiwa na msumeno? Programu isiyoweza hayo mawili ni daftari la gharama kubwa, hata kama picha zake zinapendeza.

Makundi matatu

Kundi la kwanza ni la programu za kuchora. Inayojulikana zaidi kwa maseremala ni SketchUp, iliyotoka Marekani mwaka 2000, ikanunuliwa na Google mwaka 2006 na kuuzwa kwa kampuni ya Trimble mwaka 2012. Inafundishika haraka, nayo humwezesha mteja kuliona kabati lake kabla halijakatwa. Toleo lake la bure hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, wakati toleo la kusakinishwa kwenye kompyuta hulipiwa kwa mwaka.

Kundi la pili ni la programu za kupanga mikato. Fundi huingiza orodha ya vipande, nayo hupanga namna ya kuvitoa katika bodi chache iwezekanavyo na kuonyesha makombo yatakayobaki. Miongoni mwake ni MaxCut ya Afrika Kusini, na OpenCutList, nyongeza ya bure inayopandikizwa ndani ya SketchUp. Hapa upo mtego: nyongeza hiyo huhitaji SketchUp iliyosakinishwa, haikubali toleo la bure la kwenye kivinjari. Fundi anayepanga kuunganisha vitu viwili vya bure atajikuta analipia kimoja.

Kundi la tatu ni la programu kamili za makabati, kama vile Cabinet Vision, Mozaik, Polyboard na Microvellum, ambayo hujengwa juu ya AutoCAD. Mtumiaji huweka kanuni za karakana yake mara moja: unene, aina ya viungio, kina cha droo, nafasi za bawaba. Baada ya hapo huandika upana na urefu wa kabati, na programu hutoa mchoro, orodha ya vipande, makisio ya bei na maagizo ya kuziongoza mashine za CNC, yaani zile zinazokata na kutoboa kwa kufuata kompyuta.

Nje ya makundi hayo ipo FreeCAD, programu huria isiyolipiwa, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2024. Hufanya kazi bila intaneti na huweza kujihesabu upya vipimo vinapobadilishwa, lakini haikubuniwa kwa ajili ya makabati, hivyo humdai mwanafunzi wake subira.

Kundi la tatu huvutia kuliko yote, lakini faida yake kubwa huonekana pale ambapo karakana tayari ina mashine ya kupokea maagizo hayo. Pale ambapo bodi hukatwa kwa msumeno wa meza na kutobolewa kwa mkono, kinachomfikia fundi ni karatasi ile ile yenye orodha ya vipande. Kwa karakana ya namna hiyo, programu ya kupanga mikato ndiyo inayorudisha gharama mapema. Na kwa kazi ya kipimo kimoja, kama madawati ya shule yaliyotengenezwa kwa wingi katika kampeni ya mwaka 2016, hata kielelezo kimoja cha mbao kinatosha.

Aliye na CNC, au anayejiandaa kuinunua, ana jambo moja zaidi la kudai. Kila mashine husoma maagizo kwa lahaja yake, hivyo programu lazima iwe na kitafsiri cha mashine husika. Ahadi ya maneno haitoshi. Muuzaji atoe faili la kabati moja, likatwe kwenye mashine yenyewe, ndipo malipo yafuate.

Umeme, intaneti na leseni

Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata umeme wa mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na wakazi wake wanajua maana ya kukatikiwa katikati ya kazi. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni salama kuliko ya mezani isiyo na akiba ya umeme.

Intaneti nayo ina somo lake. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Karakana ambayo michoro yake yote ipo mtandaoni haiwezi kukata kitu siku kama hiyo. Fundi aulize programu inaweza kukaa siku ngapi bila intaneti, na ahifadhi nakala ya kila kazi katika diski yake.

Leseni nyingi hulipiwa kwa dola, kila mwezi au kila mwaka, wakati mapato ya fundi ni ya shilingi na ya msimu. Ni vema ijulikane mapema nini hutokea malipo yakisimama: je, michoro ya zamani itafunguka? Programu inayoweza kutoa michoro kwa mtindo wa PDF na DXF humwachia fundi njia ya kutokea.

Wapo wanaokimbilia nakala zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa mkono kwa mkono. Mbali na virusi, nakala hizo ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazilinda pia programu za kompyuta.

Mambo ambayo programu haiyajui

Programu nyingi za makabati zimebuniwa kwa ajili ya bodi za kiwandani. Mninga na mkongo si bodi: upana wa mbao hubadilika, nyuzi zina mwelekeo, na mbao isiyokauka vizuri hujikunja katika hewa ya pwani. Karakana inayochanganya mizoga ya bodi na milango ya mbao ngumu ichague programu inayoruhusu orodha mbili tofauti, na inayozuia kipande kugeuzwa pale nyuzi zinapotakiwa kwenda upande mmoja.

Vivyo hivyo kwa bawaba na reli za droo. Programu za ng'ambo huja na maktaba ya vifaa ambavyo pengine havipo katika maduka ya Mtwara. Lazima fundi aweze kuingiza vipimo vya vifaa anavyovipata, kama tundu la milimita 35 la bawaba ya kikombe. Programu za Marekani huanza na inchi, hivyo kazi ya kwanza ni kuzihamishia kwenye milimita.

Tena, hakuna programu inayoupima ukuta. Nyumba za mawe na chokaa za Mikindani hazina pembe zilizonyooka, na kazi ya Msimbati, karibu na maingilio ya Ruvuma, haimpi fundi nafasi ya kurudi kila siku na futi kamba. Upana upimwe chini, katikati na juu, na kipimo kidogo ndicho kiingizwe.

Jaribio la kazi iliyokwisha

Programu nyingi hutoa muda wa majaribio. Njia bora ya kuutumia si kuchora jiko la ndoto, bali kuingiza kazi moja iliyokwisha kukabidhiwa, ambayo bodi zake, gharama zake na makosa yake yanajulikana. Ikiwa kazi hiyo ilikula bodi tisa na programu inaonyesha saba zingetosha, faida imeonekana kwa hesabu ya karakana yenyewe. Ikiwa inaonyesha tisa vilevile, na hakuna kosa la vipimo ambalo ingelizuia, fedha hizo zina kazi nyingine.

Jaribio hilo lifanywe na watu wawili. Katika karakana nyingi kijana mmoja ndiye anayeijua kompyuta, na siku akiondoka, programu huondoka naye hata kama leseni imebaki. Ofisi ya SIDO na chuo cha VETA mjini Mtwara ni mahali pa kuulizia mafunzo kabla ya kununua.

Programu haimfanyi mtu kuwa seremala. Kwa aliye seremala tayari, inayofaa ni ile inayomhakikishia kwamba kila bodi iliyosafiri kutoka Dar es Salaam itakatwa mara moja, na kwa kipimo chake.