Tumbo lenye kunyamaza linaweza kuwa na minyoo



Wakati wa kugawa dawa ya minyoo, watu wazima wengi wanasema: «Mimi tumbo haliniumi, dawa ya nini?» Neno hilo si la kucheka. Lakini tumbo linaweza kunyamaza na huku minyoo imejaa. Tueleze sababu yake.

Mwili uko na askari

Ndani ya damu na ndani ya ukuta wa utumbo kuna chembe nyeupe ndogo sana, macho hayazioni. Hizo ndizo askari wa mwili.

Tuchukue minyoo ya safura. Mayai yake yanatoka na mavi, yanaanguliwa katika udongo wenye majimaji na kivuli, halafu vitoto vinapenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Vinafuata damu mpaka mapafuni, vinapanda kooni, mtu anavimeza bila kujua. Vikifika utumboni vinakua, vinauma ukuta wake na kunyonya damu.

Askari wakimwona mgeni, wanaitana. Utumbo unatoa ute mwingi na kujikaza ili kusukuma mnyoo nje. Chembe nyingine zinaleta sumu ya kuuchoma. Mahali pale panavimba na kupata moto.

Uvimbe huo ni wa kutulinda, lakini uko na hatari. Mnyoo ni mkubwa sana mbele ya chembe moja, hauwezi kumezwa kama kijidudu kidogo. Vita ikiendelea siku zote, sumu inachoma utumbo wetu wenyewe. Askari wasio na mtu wa kuwaambia «basi» wanaharibu kijiji walichokuja kulinda.

Wasuluhishi wa ndani

Ndiyo maana mwili uko na kundi la pili, chembe za kusuluhisha. Zinatuma ujumbe wa kutuliza askari. Ujumbe mmoja unaitwa interlukini 10. Mwaka 1995, Mjapani Shimon Sakaguchi alionyesha kazi ya chembe hizo. Mwaka 2025, yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Minyoo imeishi na watu tangu zamani sana, nayo inajua mlango huu. Inatoa majimaji yenye kuongeza nguvu ya wasuluhishi na kupunguza nguvu ya askari. Hapo vita inapoa. Utumbo unapona kidogo, lakini mnyoo nao unapata kukaa hata miaka.

Amani hiyo tunailipa kwa damu. Mnyoo mmoja wa safura, wa aina ile ndogo, unanyonya karibu mililita 0.03 kwa siku. Ni kidogo sana. Lakini minyoo 100 inanyonya mililita 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi, karibu nusu ya glasi. Mtu hasikii maumivu, ila anachoka, kizunguzungu kinamshika, viganja vinapauka, jembe linakuwa zito. Kwa mama mwenye mimba hatari ni kubwa zaidi.

Bilharzia ya tumbo

Ugonjwa huu unajulikana hapa Maniema. Watafiti Polderman na Gryseels waliuandika katika miaka ya 1980. Minyoo yake inakaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine yanatoka na mavi, mengine yanachukuliwa na damu mpaka kwenye ini.

Askari wanazunguka kila yai na kulijengea ukuta. Wasuluhishi wanapunguza ukali wa uvimbe, lakini kovu linabaki. Kovu juu ya kovu, miaka mingi, ini linakuwa gumu, tumbo linajaa maji, na mtu anaweza kutapika damu. Hapa kinachoumiza zaidi ni vita ya mwili juu ya mayai, kuliko mnyoo wenyewe.

Tufanye nini?

Mwili hauweki kinga ya nguvu juu ya minyoo hii. Ukipona leo, kesho unaweza kuipata tena. Basi:

- Tumeze dawa kila mara wareko au kituo cha afya wanapoigawa, hata kama tumbo haliumi. Mebendazoli na albendazoli ni za minyoo ya utumbo. Bilharzia iko na dawa yake, prazikwanteli.
- Mama mwenye mimba aulize kwanza munganga. Dawa ya minyoo haitolewi katika miezi 3 ya kwanza.
- Tuchimbe choo hata kule shambani, mbali na kijito. Mavi yasifike majini, kwa sababu bilharzia inapitia konokono wa majini na kuingia kwa ngozi ya mtu anayeoga au kufua.
- Tuvae viatu au bote shambani. Koperative inaweza kuzinunua kwa pamoja.
- Tule vyakula vya kurudisha damu: sombe, maharage, samaki, nyama.

Mwanachama mwenye kuchoka bila sababu asiitwe mvivu. Apelekwe kwanza kituo cha afya, wapime damu na mavi yake.